Zulia la Ndoto ya Mama

"Piga goti hapo hapo kwenye zulia, pete ionekane!" mpiga picha alimwambia Rodel.

Na kweli akapiga goti kunichumbia, ingawa mahari kwetu alishaleta, mbele ya wakubwa wote wa sanaa, siku ya kuzindua sera mpya ya kutuinua Watboli na wenyeji wenzetu wa kisiwa cha Mindanao, Ufilipino. Sera kaiandika yeye. Ukumbi mzima makofi. Mimi macho yalikuwa chini.

"Rodel, hili zulia mmelitoa wapi?"

"Gunay mpenzi, sema ndiyo kwanza, watu wanasubiri."

"Nimekuuliza. Hii nakshi ni ya kitambaa cha harusi yetu."

"Ni chapa tu! Chenyewe kipo salama ofisini kwangu. Nilikipiga picha, kiwanda kikachapisha."

Nakshi ile mama yangu aliiota usingizini. Kwetu mfumaji haigi ndoto ya mwenzake, na kitambaa hakivukwi kwa mguu. Mama alijitenga na baba kitandani, kama mila itakavyo, mpaka akakimaliza. Leo majitu na viatu vyao yanaikanyaga ndoto yake, midomo ikimeta mafuta ya nguruwe wa karamu. Kinyaa gani hiki!

"Mama ulimwomba ruhusa?"

"Mamako angeelewa nini? Kwenye sera tumeandika mtashirikishwa. Hata wewe nimekutengea kiti kwenye baraza la sanaa. Au hukitaki?"

Ptuu! Na mtu huyu nilimpenda, nikamlaza mapajani mwangu.

Nikampigia mama, nikaweka sauti ya nje, wote wasikie.

"Mama, Rodel amechapisha ndoto yako kwenye zulia. Watu wanaikanyaga."

Nikasikia akiuweka chini mti wake wa kufumia.

"Viatu wamevua?"

"Hawajavua, mama."

"Na wewe?"

Nikajitazama. Nilikuwa katikati kabisa ya zulia, na viatu virefu alivyoninunulia Rodel. Nilijichukia.

"Toka hapo, mwanangu."

Nikavivua, nikashuka. Rodel akanidaka mkono.

"Gunay, usinitie aibu, kamera zinaona!"

"Kumbe aibu unaijua? Siolewi nawe."

Uso ukambadilika.

"Sawa. Ila kwa mila zenu, binti akikataa, kwao wanarudisha mahari. Nilileta farasi mimi! Mtamrudisha?"

"Loo! Mila hiyo umeikumbuka!"

Simu ilikuwa bado wazi. Mama akasema, taratibu kabisa:

"Farasi wake namfungua sasa hivi, aje amchukue. Wewe njoo na kitambaa changu."