Ndege wa Upande wa Kushoto

Mpunga ulianza kukomaa. Kila alfajiri Kelestini alipanda dungu, jukwaa la miti, shambani kwake, Namawala, kuamia ndege wasile mpunga. Alipiga debe kuwafukuza. Alipaza sauti.

Jumatano mkewe, Levina, alimletea uji. Akashtuka. Upande wa kulia mpunga ulijaa masuke. Upande wa kushoto yalibaki makapi, na ndege bado walikuwa wanakula!

"Baba Noela, umelala?"

"Nilale wapi? Sijaona ndege hata mmoja."

"Hawa hapa!"

Kelestini aligeuza kichwa. Ndipo akawaona. Akaogopa.

Levina alikasirika, na hasira hasara. Jioni, kwenye sala ya jumuiya, alisema mbele ya majirani, "Mume wangu anaamia ndege kwa usingizi." Watu wakacheka. Lakini moyo wa Kelestini haukutulia. Jana aligonga mbuzi kwa baiskeli. Leo amejigonga kwenye mlango wake mwenyewe. Vyote upande wa kushoto.

Aurelia, mhudumu wa afya wa kijiji, hakucheka. Asubuhi alifika kwao.

"Kaka, ilianza lini?"

"Jumatatu. Kichwa kiliuma ghafla. Nadhani jicho la kushoto limeharibika."

"Lizibe. Tazama pua yangu. Vidole vyangu huku kushoto kwako unaviona?"

"Sivioni."

"Sasa ziba la kulia."

"Bado sivioni!"

"Basi shida haiko kwenye jicho. Macho yote mawili hupeleka picha kwenye ubongo. Upande wa kulia wa ubongo husoma picha za kushoto. Ukiumia, picha za kushoto hupotea kwa macho yote mawili. Huenda ni kiharusi."

"Mbona mkono wangu una nguvu?"

"Si kila kiharusi hupoozesha mkono. Ulipaswa kwenda siku ileile. Kingine kinaweza kukuua. Twende hospitali sasa hivi."

"Na ndege je?"

"Waache wale!" alisema Levina, akilia.

Hospitalini Ifakara, presha ilikuwa juu sana. Picha ya kichwa ilionyesha mshipa umeziba nyuma ya ubongo. Daktari alimpa dawa za kila siku. Alimkataza baiskeli. Akamfundisha kugeuza kichwa kushoto kila mara.

Wiki kadhaa zilipita. Presha ilishuka. Upande uliopotea haukurudi wote, lakini Kelestini aligeuza kichwa, na mpunga uliobaki ukavunwa.

Jumuiya ilipokutana tena, Levina alisimama. "Nilisema mume wangu analala. Kumbe alikuwa mgonjwa. Nisamehe, Baba Noela. Nilikupigia kelele kwa ajili ya mpunga, na nusura nikupoteze wewe."

Kelestini aligeuza kichwa mpaka akamwona.

"Kaa, Mama Noela," alisema. "Mpunga tutapanda tena."