Muda Mfupi wa Bwana Taa

Walikutana kwenye makutano ya stendi kuu, saa mbili asubuhi, honi zikipigwa kila upande. Binti, mpangaji wa barabara za mkoa mzima, alikuwa amevaa gauni la bluu na raba nyeupe, akihesabu magari kwenye karatasi. Hatua tatu kutoka kwake, fundi wa chumba cha kuongozea taa, kizibao cha njano kikimkaa vizuri mabegani, alifungua sanduku la taa na kuongeza sekunde nane za kijani. Foleni ikaachia yote kwa pamoja, na hesabu ya binti ikavurugika.

"Wewe kaka! Nahesabu tangu alfajiri!"

"Pole, dada. Unahesabia nini?"

"Mpango wa miaka ishirini."

"Ishirini! Mimi nawazia dakika ishirini zijazo tu."

Binti alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Tangu siku hiyo fundi akawa Bwana Taa, naye akawa Bibi Ishirini. Bwana Taa akawa anamletea rekodi za foleni za kila siku, ambazo wapangaji hawakuwahi hata kuziomba, na binti akazitia kwenye mpango moja baada ya nyingine. Mapenzi nayo yakakolea, usiseme.

Jioni moja binti alimpigia simu. "Mpenzi, wewe nimekuweka kwenye muda mfupi."

"Muda mfupi?"

"Tena namba moja!"

"Haya. Kazi njema." Simu ikakatwa.

Wiki tatu Bwana Taa hakupokea simu. Binti alikonda, akalia, akajiuliza kosa lake asilione.

Ikafika siku ya kupitisha mpango, wapangaji na watu wa taa wakiwa meza moja kwa mara ya kwanza. Mwenyekiti akafungua ukurasa wa kwanza.

"Tuelewane kwanza. Hapa 'muda mfupi' maana yake nini?"

Bwana Taa alijibu bila kuinua macho. "Ni dharura. Gari limekwama, tunaweka koni dakika tano, kisha tunaiondoa na kuisahau."

Moyo wa binti ukamlipuka paa. Kumbe ndiyo hiyo! Akasimama.

"Kwetu sisi ni yale yasiyoweza kusubiri. Yenye uhakika. Yanayoanza kabla ya mengine yote." Alikuwa akimtazama mtu mmoja tu.

Bwana Taa akashika kichwa. "Lahaula!" Meza nzima ikamgeukia.

Mpango ulipita kwa makofi, zile rekodi za foleni zikiwa sura nzima. Huko koridoni Bwana Taa alimkimbilia, kizibao kikiwa mkononi.

"Nisamehe. Nilijiona koni."

"Mjinga wangu wewe."

"Nikuoe?"

"Nioe."

"Lini?"

"Muda mfupi."

"Wa kwako au wa kwangu?"

Bibi Ishirini akamchomoa simu mfukoni, akamkabidhi. "Wa kwako, mpenzi. Mpigie mama yako sasa hivi."