Koo la Minko

Kila asubuhi, mama akiwa ameshaenda kazini, Nevena alimpa mdogo wake Minko maziwa, akamfunga skafu, kisha akateremka kwenda shuleni mjini Gabrovo huku akikariri mashairi. Wiki hiyo alikariri kwa bidii zaidi. Mwalimu Karadelov, mzee aliyetunga mashairi ya watoto yaliyopendwa mji mzima, angekuja Ijumaa kuwasikiliza, na Nevena ndiye aliyechaguliwa kusoma.

Lakini kengele za kanisa zililia maziko karibu kila siku. Dondakoo, ugonjwa wa koo unaoua watoto, lilikuwa limeingia mjini. Nyumba yenye mgonjwa ilipakwa chokaa mlangoni, na watoto wake wakakatazwa shule.

Alhamisi Minko alisukuma kikombe. "Dada, koo linauma."

"Umekula theluji tena," Nevena alisema. "Usimwambie mama. Nitamwambia mwenyewe kesho jioni."

Ijumaa Minko alikuwa akivuta pumzi kwa kukoroma. Nevena alimfunika, akaenda.

Darasani, ubeti wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ulimtaja mtoto aliyelala, na hapo sauti ikamkwama.

"Si ulijidai unalijua hata usingizini?" Gena, jirani yake wa dawati, alimnong'oneza.

Mwalimu Karadelov alimtazama kwa muda. "Nani anaumwa kwenu, mwanangu?"

"Hakuna." Kisha machozi yakamtoka. "Mdogo wangu. Koo, tangu jana."

Mzee alichukua kofia yake. Alimtuma mtu amwite daktari, akaamuru darasa lifungwe, akampeleka Nevena nyumbani.

Siku tisa Minko alipigania pumzi. Siku ya kumi aliomba mkate. Darasani hakuugua mtu.

Mwalimu alipokuja, alisimama uani.

"Nilitaka unisikie nikisoma," Nevena alisema, macho chini.

"Najua. Kitabu changu cha kwanza kilipokuwa kinachapwa, binti yangu Rusana aliniambia koo linamuuma. Nikamwambia angoje nimalize kurasa mbili." Mzee alivua kofia. "Mashairi mnayoyapenda niliyatunga baadaye. Yeye hakusikia hata moja."

Nevena aligeuka kuutazama mlango wa nyumba.

"Ugonjwa ukifichwa haupumziki, mwanangu. Mtu akiumwa, sema saa hiyohiyo, hata kama utakosa kitu unachokitamani sana."

"Nitasema, Mwalimu."

Ndani, Minko aliita. Nevena akakimbia kwenda kumsikiliza.