Sabuni Iliyopinda

Josline, Mganda aliyekuja kutafuta riziki ugenini, alikuwa anakoroga sabuni ya maji ya kuuza katikati ya kelele za soko la Konyokonyo, kitenge cha njano kimemkaa vizuri kiunoni, ndipo kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi akamwuliza kwa nini anatia chumvi.

"Iwe nzito," akamjibu. "Wewe iko nataka kununua ama kuuliza?"

Akanunua. Aliitwa Aguer, Mdinka aliyekulia Eldoret, akarudi kwao, nchi ilipopata uhuru, kufundisha fizikia chuoni. Tangu hapo akawa anapita kila jioni, na Josline, ambaye hakuwa mtu wa kubabaikia wanaume, akajikuta anapaka wanja mapema. Simu nazo hazikuisha. Akaelezwa kuwa chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Vichwa vikisukumana, chembe hujikunja kuwa viduara. Chumvi ikituliza msukumano huo, mpindo hupungua, zikajipanga kuwa nyuzi ndefu zinazosokotana, na sabuni ikawa nzito. Mwingine angesinzia. Josline alitaka zaidi.

Siku moja, wateja wamejaa, Aguer akachovya kidole ndooni, akasema kwa sauti ya darasani, "Hii bado imepinda sana."

Wateja wakatazamana. Kama mwalimu mwenyewe anasema imepinda, basi ni feki. Wakaenda zao. Josline akaona amefedheheshwa makusudi, akaacha kupokea simu zake. Hasira ikamla yeye mwenyewe, maana alimpenda.

Desemba bunduki zikalia mjini. Ikaja ndege ya kuwarudisha Waganda kwao, na Josline akiwa nje ya uwanja na begi lake, simu ikaita. Akapokea.

"Uko sawa, mrembo?"

"Wewe naharibu jina yangu."

"Nilimaanisha inataka chumvi. Hiyo ni lugha ya maabara, Jos. Ilifaa nikuambie wewe, si soko lote. Nisamehe."

Kumbe Aguer alikuwa hapohapo langoni, amekuja kuhakikisha kuwa anapanda. Josline akamkamata mkono, akamvuta mpaka mbele ya foleni. Ofisa akasema ndege ni ya Waganda na familia zao, huyu je? Aguer akaanza kueleza kuwa yeye ni rafiki tu.

"Bwana yangu," Josline akasema.

Aguer akamwinamia. "Tangu lini?"

"Tangu sasa. Kama wewe nakataa, ambia afande."

Aguer akageuka kuutazama moshi juu ya mji aliorudi kuujenga. Machozi yakamlengalenga.

"Ni kweli, afande," akasema. "Mimi ni wake."