Dakika Thelathini na Tano Hadi Mloka

Kibiti. Alhamisi, saa kumi alasiri.

Chumba cha nyuma ya duka la mitumba kilikuwa na joto la kuivisha ndizi. Abdulrazaq, bosi aliyeshuka kutoka Dar na bastola kiunoni, alitandaza ramani juu ya robota.

"Ndege ya mishahara ya kambi ya watalii inaruka Dar saa mbili asubuhi. Mloka inatua saa ngapi?"

"Dar mpaka Mloka safari ya kutwa hiyo," alisema Zaidi, dereva. "Ukifika Kibiti unakunja..."

"Ndege haikunji Kibiti, bwege weye."

Wakamgeukia Ridhiwani. Aliwahi kubeba mizigo kwenye kiwanja cha ndege cha Mloka, kile cha vumbi, na hesabu za marubani zilimkaa kichwani. Alinyoosha uzi kutoka Dar hadi Mloka, akaulaza kwenye kipimo cha ramani.

"Kilomita mia na arobaini. Ndege inakwenda mia mbili na arobaini kwa saa. Dakika thelathini na tano."

"Gari la kambi?"

"Huchelewa robo saa."

"Inatutosha."

"Mlinzi wa kiwanja ni shemeji yangu Huseni. Kamuoa dada'angu Mwanaidi. Asiguswe, kaka."

"Kamba tu. Nimekuahidi."

Ridhiwani aliamini kwa sababu alitaka kuamini.

Mloka. Ijumaa, saa mbili na dakika ishirini.

Walijifunga vitambaa usoni. Huseni alikuwa anafunga kitambaa chake chekundu kwenye baiskeli. Alimtazama yule wa nyuma, akautambua mwendo.

"Ridhi? Ndo weye, shemeji?"

Abdulrazaq hakutaka mlio. Alitumia panga.

Wakamburuta hadi kichakani. Ridhiwani aliketi kando yake, akangoja machozi. Hayakuja. Mikono yake aliiona kama ya mtu mwingine.

Saa mbili na dakika thelathini na tano.

Ndege ilitokea juu ya miti. Hesabu ilikuwa sahihi. Ila kundi la nyumbu lilikuwa limeingia kiwanjani, linakula majani bila haraka. Kila ndege ilipokuja, Huseni aliwafukuza kwa baiskeli na kengele, kisha akasimama mwisho wa kiwanja kupunga kitambaa. Bila kitambaa hicho, rubani hatui. Leo Ridhiwani alikuwa amepanga kuifanya kazi hiyo mwenyewe, Huseni akiwa amefungwa kamba.

Ndege ilizunguka.

"Mbona haishuki?"

"Nyumbu. Mpaka wafukuzwe."

"Kawafukuze, basi!"

"Mwenye kazi hiyo umemuua."

Mdomo wa bastola ulimgusa kipajini. Ulikuwa wa baridi. Hakujali.

Abdulrazaq alitukana, akakimbilia kiwanjani mwenyewe, akipiga kelele na bastola mkononi. Rubani, aliyekuwa ameshuka chini kutazama, alimwona. Ndege ikainua pua, ikarudi ilikotoka. Zaidi, aliyebaki kwenye gari lao, alikuwa ameshatia gia, hakumsubiri mtu. Bosi akaukimbilia msitu, peke yake.

Ridhiwani aliinuka. Aliipanda baiskeli ya Huseni, akapita kiwanja chote akipiga kengele hadi nyumbu wa mwisho akaondoka. Kisha akasimama mwisho wa kiwanja, akaanza kupunga kitambaa chekundu.

Gari la kambi lilimkuta hapo.

"Huseni yuko wapi?" dereva aliuliza.

Ridhiwani aliendelea kupunga.