Kifundo Kisichokatika

Haya, sogeeni karibu. Mliokaa nyuma, mnasikia? Leo nina hadithi ya vifundo, na mimi mwenyewe nikiisimulia njaa inanishika.

Hapo Tanga mjini kuna msichana anaitwa Mwantumu. Ana miaka sita. Jino lake la mbele limeng'oka, na maneno yake yanapita kwenye pengo yakipiga mluzi.

Baba yake ni mwoka mikate. Kila alfajiri anaoka mikate. Ijumaa anaoka na vifundo.

Vifundo ni nini? Ni kamba nyembamba ya unga uliokandwa. Inafungwa fundo, inanyunyiziwa chumvi, inaokwa mpaka inakauka. Huko mbali watu wanaviita pretzeli. Ukiviuma, vinalia: karu! karu! karu!

Kila Ijumaa Baba anapeleka bakuli la vifundo shuleni kwa kina Mwantumu. Watoto wote wanakula. Karu! karu! karu!

Wote, isipokuwa Mwantumu.

Maskini Mwantumu! Akila ngano, tumbo linamuuma. Akinywa maziwa, tumbo linanguruma: guru guru guru! Daktari alisema, "Ngano, hapana. Maziwa, hapana." Na vifundo vya Baba vina ngano, tena vina maziwa.

Basi kila Ijumaa Mwantumu anakula ndizi. Rafiki yake Hamisa akimpitishia bakuli, anasema, "Asante, mimi siwezi."

Ndizi ni tamu, sikatai. Lakini ndizi hailii karu.

Alhamisi moja mchana, Baba alirudi kutoka kazini. Mwantumu alikuwa anamngoja mlangoni.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, wewe unaokea watu wote. Mimi je?"

Baba akakuna kichwa. Maneno yale yalimwingia moyoni.

"Umesema kweli, mwanangu," akasema. "Kesho na wewe utakula kifundo."

"Kweli, Baba?"

"Kweli tupu!"

Baba akaoga kwanza, maana vumbi la ngano lilikuwa limemjaa mpaka kwenye nyusi. Akavaa shati safi. Akasugua meza ya jikoni. Suku suku suku! Akaosha bakuli. Hakutaka hata chembe ya ngano.

Akamimina unga wa mchele. Akatia chumvi. Badala ya maziwa, akatia tui la nazi. Akaongeza maji baridi, akakanda. Akasokota kamba ndogo.

"Pinda! Zungusha! Funga!" akasema Mwantumu.

Kap! Kikakatika.

"Aa, huu mchele," akasema Baba. "Tujaribu muhogo."

Akaleta unga wa muhogo. Chumvi, tui, maji baridi. Akakanda mpaka jasho likamtoka.

"Pinda! Zungusha! Funga!"

Kap! Kikakatika.

"Tuchanganye!" akasema Baba. Mchele na muhogo, pamoja. Mwantumu akafumba macho. Hakutaka kuona.

"Pinda! Zungusha! Funga!"

Kap! Kap! Kap! Safari hii kilikatika vipande vitatu.

"Lahaula!" Baba akaitazama mikono yake. "Miaka kumi nafunga vifundo. Mikono ni hii hii! Unga huu una kiburi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, anacheka. "Baba Mwantumu, fundi mzima umeshindwa na unga? Haya nipishe, nisonge ugali. Watu wana njaa."

Mama akateleka maji. Yakachemka: toko toko toko! Akatia unga wa mahindi. Akashika mwiko, akasonga: kubu! kubu! kubu!

Wakaketi kula. Mwantumu hakuwa na hamu. Kesho ni Ijumaa, na kifundo hakuna.

Akachukua tonge la ugali. Akalisokota, likawa kamba ndogo. Akawa anaichezea tu hivi, huku chozi linamlengalenga.

Pinda. Zungusha. Funga.

Kimya.

Hakikukatika!

"Mwantumu, chakula hakichezewi," akasema Mama.

"Lakini Mama, tazama! Baba, tazama!"

Baba akatazama. Mdomo umejaa ugali, hatafuni wala hamezi. Kisha akameza kwa nguvu.

"Mama Mwantumu," akauliza, "ugali unausonga kwa maji gani?"

"Maji gani tena? Ya moto! Wewe umeshaona ugali wa maji baridi?"

Baba akajipiga paja. Pa! "Jamani! Mimi nimeukanda unga wa mchele kama ngano. Kumbe wenyewe unataka kusongwa kwanza!"

Wakaacha vyombo hapo hapo. Baba akachemsha maji, tui na chumvi. Mama akatia unga wa mchele na wa muhogo, akasonga. Kubu! kubu! kubu! Wakaupoza unga kidogo.

Mwantumu akanawa mikono. Akasokota kamba yake.

"Pinda!" akasema Baba.

"Zungusha!" akasema Mama.

"Funga!" akasema Mwantumu.

Kimya.

Wakafunga kingine. Kimya. Na kingine. Kimya! Meza yote ikajaa vifundo.

Wakavinyunyizia chumvi, wakavipanga kwenye sufuria. Mama akafunika, akavipalia mkaa, moto chini, moto juu. Nyumba nzima ikanukia nazi.

"Vimeiva?" akauliza Mwantumu.

"Bado."

"Sasa je?"

"Bado, mtoto we!"

Hatimaye Mama akafunua. Vifundo vilikuwa vimekauka, vimepiga rangi ya kahawia. Mwantumu akapuliza kimoja: fuu, fuu, fuu. Akakiuma.

KARU!

"Kinalia, Baba! Kifundo changu kinalia!"

Mwantumu akaruka, akacheza, akamkumbatia Mama. Baba akageuka akafuta macho. Alisingizia moshi, lakini sisi tunajua.

Ijumaa, bakuli lililokwenda shuleni lilikuwa moja tu, la vifundo vipya. Mwalimu Stumai akampa Mwantumu alishike. Mwantumu akazunguka darasa zima.

"Karibuni! Karibuni!"

Karu! karu! karu!

"Leo vina nazi!" akasema Hamisa, mashavu yamejaa. "Vitamu! Niongeze!"

Jioni, Mwantumu akapanda kitandani. Baba akamfunika shuka, akaketi karibu naye.

"Haya, nihadithie. Ulikula?"

"Nilikula kimoja, Baba. Nikala cha pili. Nikala cha tatu. Nikapeleka mkono tena, Mwalimu akasema, 'We Mwantumu! Waachie na wenzako!'"

"Loo, pole mwanangu. Umegombezwa."

"Ndiyo!" Mwantumu akacheka mpaka kitanda kikatikisika. "Baba, hajawahi kuniambia hivyo hata siku moja!"

Baba naye akacheka. Wakacheka wote wawili, mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini.

Alipofika, Mwantumu alikuwa ameshalala.