Nyusi ya Nagisa

Nyusi ya kushoto ilikuwa imepinda.

Chizuru aliweka chai chini, akamsogelea mwanasesere pale dirishani. Jana nyusi ile aliichora mwenyewe, unywele kwa unywele, imenyooka freshi. Sasa ncha yake imeangukia jicho, kama vile mchoraji alisukumwa kiwiko. Nje mvua ya Juni ya mji wa Kanazawa inamwagika tu, ile ambayo hata taulo halikauki.

"Fumika! Umemgusa huyu?"

"Nimguse nina wazimu?" mdogo wake akajibu kutoka jikoni. "Mi hayo madude yako nayaogopa hata mchana, dada."

Chizuru akachovya pamba kwenye thina, akaifuta ile nyusi, akaichora upya. Alishaufuta uso huu siku nyingine, na kufuta kule ndiko kulikokuwa kunamla roho.

Mwanasesere alikuwa wa Nagisa, rafiki yake. Kazi hii walijifunza pamoja tangu shule: kufungua viungo, kuchemsha mwili kwenye maji ya rangi, kukwangua chaki za rangi mpaka ziwe unga, kupaka mashavu. Nagisa akafa majira ya baridi. Juzijuzi mama yake akaja na mwanasesere, uso umefunikwa karatasi laini.

"Mwili umekuwa wa njano, mwanangu," Mama Kuwabara alisema. "Utie rangi tu. Nataka Obon hii, roho za wafu zinaporudi, Nagisa akija nyumbani, amkute mwanasesere wake amekaa kwenye madhabahu yetu. Ila uso usiuguse. Aliuchora mwenyewe."

"Siugusi, mama."

Akaugusa. Aliona mashavu yamefifia kidogo, akajisemea, nampulizia dawa ya kushika rangi, mara moja tu. Fundi yeyote anajua mvua ikinyesha dawa ile haipulizwi, unyevu unaiharibu. Uso wote ukaingia ukungu mweupe kama jicho la kipofu. Hakuna dawa ya hapo zaidi ya kufuta. Akafuta. Halafu akaanza kuuchora upya kwa kuangalizia picha ya uso wa kwanza iliyokuwa kwenye simu, ili mama asijue.

"Si umwambie tu," Fumika akasema, sasa amesimama mlango wa jikoni.

"Nimwambie nini? Kwamba nimemfuta mwanae?"

"Kwani umefanya nini kingine?"

Chizuru akampita. Akaenda jikoni kuitoa mikono ya mwanasesere iliyokuwa kwenye sufuria ya rangi, na alipoingiza vijiti kwenye yale maji ya moto, vile vidole vya plastiki ngumu, vidole ambavyo havijawahi kukunjika tangu vitengenezwe, vikavishika vijiti taratibu, bila nguvu, kama mgonjwa anavyokushika ukimuaga kwamba unaondoka, na ikaja harufu ya yuzu, lile tunda kama limau, ile losheni ya mikono ya Nagisa, ikafunika harufu ya thina nyumba nzima, na kule chumbani ambako hakukuwa na mtu kukaanza kusikika kwaru, kwaru, kwaru, kisu kinakwangua chaki.

Wakakimbilia chumbani. Nyusi imepinda tena.

"Dada," Fumika alisema, akirudi nyuma. "Hilo ni jini."

Chizuru akapagawa. Akashika pamba akasugua uso mzima, macho, midomo, mashavu, mpaka ukabaki mweupe kama yai. Kwaru kwaru ikakatika. Hata harufu ikaondoka.

Fumika alikuwa ameokota simu. Akaivuta picha kwa vidole, akaivuta tena. "Dada... mbona hata hapa imepinda?"

Ilikuwa imepinda. Nagisa aliuchora uso ule akiwa kitandani hospitali, sindano ya dripu mkononi. Na Chizuru, kwa ufundi wake, kila akiichora alikuwa anainyoosha bila hata kujua. Nagisa anarudisha uso wake, yeye anamfuta.

"Rudi," akamwambia yule mwanasesere. "Chora, Nagisa. Haki ya Mungu sifuti tena."

Uso ukabaki vilevile, mtupu. Mvua tu.

Kengele ya mlango ikalia. Mama Kuwabara aliingia na mwavuli unaochuruzika, amebeba keki za maharage. "Nilikuwa napita, nikasema nimchungulie." Akauona ule uso mtupu. Tabasamu likamwishia.

Chizuru akapiga magoti, paji la uso likagusa mkeka. "Mama, nimemfuta. Nilipuliza dawa na mvua hii. Halafu nikataka nikudanganye."

Mama akaweka keki chini. Yuzu ikarudi, safari hii karibu, na Chizuru akahisi kitu chembamba kama ncha ya brashi, chenye majimaji, baridi, kinatembea juu ya jicho lake la kushoto.

Akainua kichwa.

"Mungu wangu, dada, nyusi yako!" Fumika akadaka pamba.

"Weka chini," Mama Kuwabara alisema. Akainama mpaka pumzi yake ikamfikia Chizuru usoni, machozi yanamtoka, macho hayabanduki.

"Imepinda vilevile," akanong'ona. "Tulia hivyohivyo, mwanangu. Usisogee. Hajamaliza."